Meza ya Mexicali: jinsi ya kupika Kichina cha mpakani

Mexicali ni mji wa jangwani kaskazini-magharibi mwa Meksiko, umekaa ukutani kabisa mwa mpaka wa Marekani. Mgeni akiuliza chakula cha wenyeji ni kipi, mara nyingi hapelekwi kula taco wala tamale. Anapelekwa kwenye mgahawa wa Kichina. Mji una migahawa ya namna hiyo zaidi ya 100. Mwisho wa wiki familia za Kimeksiko, babu hadi vitukuu, huzunguka meza iliyojaa wali wa kukaanga, nyama, na kibakuli cha pilipili za njano zilizolowa kwenye sosi ya soya na ndimu. Hicho ni chakula chao, kama pilau ilivyo chakula cha Pwani ingawa viungo vyake vilikuja na majahazi.

Unaweza kukipika nyumbani bila kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Kanuni ni moja, na ukiishika hiyo mengine yatafuata: ufundi haubadilishwi, vitu ndivyo vinavyobadilishwa. Wapishi wa kwanza wa Mexicali walitoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China. Walikuja na namna yao ya kukata, ya kulipasha karai na ya kupanga kazi jikoni, lakini soko la kwao hawakuweza kuja nalo. Basi wakapika kwa walichokikuta: ng'ombe wa kaskazini mwa Meksiko, parachichi, ndimu, kotimiri na pilipili za njano. Nawe uliyeko Mwanza au Mombasa fanya vivyo hivyo kwa soko la kwako.

Kabla ya kushika kisu, ni vizuri ujue chakula hiki kimefikaje mezani. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina. Meksiko, iliyokuwa ikitafuta watu wa kazi, ikatia saini mkataba wa urafiki na biashara na China mwaka 1899. Mexicali ulianzishwa mwaka 1903, na bonde lake likageuzwa mashamba ya pamba. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa ya kampuni ya Kimarekani, Colorado River Land Company, ambayo iliwakodisha Wachina mashamba na kuwategemea kwa kazi. Safari ya kufika huko iliua watu. Njia ya kutoka Mexicali kwenda San Felipe inapita karibu na kilima kiitwacho El Chinero, kilichopewa jina hilo kwa kuwakumbuka Wachina waliokufa kwa kiu wakilivuka jangwa kwa miguu.

Mwaka 1937 serikali ya Rais Lázaro Cárdenas iliyachukua mashamba hayo na kuwagawia wakulima wa Kimeksiko. Ilikuwa haki kwa wakulima wale, lakini Wachina wengi walipoteza mashamba waliyokuwa wamekodi, wakasogea mjini kwenye maduka, udobi na majiko. Hiyo ni sababu mojawapo kubwa ya migahawa kuwa mingi hivyo.

Na Mexicali ndiko kulikokuwa na nafuu. Huko Torreón, mwezi Mei 1911, Wachina 303 waliuawa kwa siku chache tu. Mwaka 2021 Rais Andrés Manuel López Obrador alikwenda Torreón kuomba radhi kwa niaba ya taifa. Jimbo la Sonora lilipiga marufuku ndoa kati ya wanaume wa Kichina na wanawake wa Kimeksiko mwaka 1923, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 likawafukuza Wachina pamoja na wake zao Wameksiko na watoto wao. Wengi wa wanawake hao walijikuta Guangdong au Macau, na kundi kubwa la mwisho lilirudishwa Meksiko mwaka 1960. Ninayaandika haya ndani ya makala ya mapishi kwa sababu nimesikia mara nyingi watu wakiuita mchanganyiko huu Kichina bandia. Watu waliokataliwa pande zote mbili walipika kwa mikono yao wenyewe chakula ambacho watoto wao wangekila bila kuchagua upande. Hakuna cha bandia hapo.

Ndiyo maana usichanganye hovyo. Wapo wanaodhani kupika Kichina cha Meksiko ni kujaza tambi kwenye chapati ya mahindi na kumwagia jibini. Si hivyo. Katika meza ya Mexicali, mwili wa chakula ni wa Kikantoni: karai, moto mkali, wali, tangawizi, soya. Umeksiko wake unaonekana pembeni na ndani ya vionjo: ukali wa pilipili, uchachu wa ndimu, ulaini wa parachichi, aina ya nyama. Ukitia maharage, jibini na nyanya kila mahali utapata chakula kingine, pengine kitamu, lakini si hiki.

Karai na moto

Kata kila kitu kabla hujawasha jiko. Mapishi haya huenda mbio. Ukianza kumenya kitunguu saumu nyama ikiwa karaini, umeshachelewa. Nyama, vitunguu, pilipili hoho na karoti vikatwe vipande vyembamba vinavyolingana, urefu wa kidole, kila kimoja kwenye bakuli lake. Visipolingana, vingine vitaungua huku vingine ni vibichi.

Tumia karai la chuma lenye kitako cha duara, lile la kukaangia maandazi. Kikaango kisichonata hakifai, kwa kuwa hakistahimili moto unaotakiwa. Karai lipashwe likiwa kavu, bila mafuta, mpaka lianze kutoa moshi mwembamba. Dondosha tone la maji: likikimbia huku na huku juu ya chuma badala ya kuchemka mahali pamoja, karai liko tayari. Hapo mimina mafuta ya alizeti yaliyosafishwa, yazungushe, kisha weka tangawizi na kitunguu saumu kwa sekunde chache tu, harufu ikitoka weka nyama.

Kosa la majiko mengi ya nyumbani ni kujaza karai. Jiko la gesi la kawaida halina nguvu ya jiko la mgahawa, kwa hiyo weka kidogo kidogo: robo kilo ya nyama kwa mkupuo. Sikiliza. Mlio wa kukaanga ukififia na maji yakaanza kukusanyika chini, nyama inachemka, haikaangwi; itoe nusu, acha moto upande, endelea. Jiko la mkaa lenye makaa mengi, likipepewa vizuri, hufanya kazi hii vyema kuliko gesi ndogo ya mtungi.

Pilipili za mezani

Ukiwa na nafasi ya kujifunza kitu kimoja tu, jifunze hizi. Karibu kila mgahawa wa Kichina Mexicali huwa nazo, na ndizo zinazomfanya mwenyeji aliye mbali aikumbuke nyumbani.

Tafuta pilipili ndefu 12, za njano au kijani hafifu, zenye ukali wa wastani. Pilipili mbuzi acha. Ina harufu nzuri lakini ukali wake hauachii nafasi ladha nyingine. Zioshe, kisha zikaushe kwa kitambaa mpaka zisiwe na tone, kwa sababu maji yakikutana na mafuta ya moto yanaruka usoni. Toboa kila moja kwa ncha ya kisu sehemu mbili. Pilipili isiyotobolewa hujaa mvuke na kupasuka, tena tobo hilo ndilo mlango wa sosi kuingia. Kikonyo usikikate, ndicho mlaji atakachoshikia.

Pasha vijiko vitatu vya mafuta karaini na uzipange pilipili safu moja. Ziache zitulie. Ngozi ya upande wa chini ikifanya malengelenge na madoa ya kahawia, geuza; zote zitachukua kama dakika 6 hadi 8. Fungua madirisha, na watoto wakae mbali, maana mvuke wa pilipili unakohoza nyumba nzima. Zikilegea, tia kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vya mwezi, kikaange mpaka kingo zake zigeuke rangi. Punguza moto, mimina vijiko vinne vya chakula vya sosi ya soya. Itachemka ghafla na kujishika kwenye ngozi za pilipili. Epua. Ndimu ije sasa, karai likiwa nje ya moto: juisi ya ndimu tatu, kwa sababu juisi ya ndimu ikichemshwa hupoteza ile harufu yake mbichi. Onja kabla ya kufikiria chumvi, maana soya inayo ya kutosha.

Funika, acha kwa dakika 20 au zaidi. Pilipili zitanywa sosi, na sosi itachukua ukali. Huliwa kwa kushika kikonyo na kung'ata, halafu sosi yake inachotwa kwa kijiko na kunyunyiziwa juu ya wali. Ndani ya friji, kwenye chupa safi iliyofungwa, zinakaa siku kadhaa, na siku ya pili ni tamu zaidi.

Neno moja kuhusu sosi ya soya: soma nyuma ya chupa. Iliyo nzuri imeandikwa maji, soya, ngano na chumvi, na si mengi zaidi. Ile nyeusi nzito ya rangi na sukari itaifanya pilipili yako iwe chungu.

Nyama, na wali wa jana

Kaskazini mwa Meksiko ni nchi ya ng'ombe, na nyama inayopendwa ni ile bapa yenye nyuzi ndefu ya upande wa tumbo, iitwayo arrachera. Mwombe muuza bucha kipande cha hapo, au steki yoyote isiyo na mafuta mengi. Tazama nyuzi zinaelekea wapi, kisha kata kwa kuzikatisha, usifuate urefu wake. Nyama hiyohiyo ikikatwa kwa kufuata nyuzi itakuwa kamba, ikikatizwa itakuwa laini. Nusu kilo ichanganye na vijiko viwili vya soya, kijiko kimoja cha wanga wa mahindi, ute wa yai moja na kijiko cha mafuta. Ikae nusu saa. Wanga na ute hutengeneza ngozi nyembamba inayozuia maji ya nyama yasitoke. Huu ni ufundi wa Guangdong mtupu, na ndio unaotofautisha nyama ya mgahawani na ya nyumbani.

Kaanga kwa mikupuo miwili, dakika mbili kila mmoja, uitoe ikiwa bado ina wekundu kidogo katikati. Kisha kwenye karai lilelile kaanga kitunguu na hoho, urudishe nyama, tia soya kidogo, koroga kwa haraka mpaka wekundu uishe, kisha epua. Malizia kwa kotimiri na tone la ndimu.

Wali wa kukaanga hautaki wali wa moto. Mchele wetu wenye harufu, kama wa Kyela, una unato kidogo, hivyo upike kwa maji pungufu, uutandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uingize kwenye friji ndani ya saa moja. Usiuache mezani usiku kucha; wali uliolala kwenye joto huzaa vijidudu vya kuumiza tumbo ambavyo sumu yao haiondoki hata ukiukaanga tena. Asubuhi uchambue kwa vidole, punje na punje.

Karai likiwa moto, kaanga mayai mawili, yavunje vipande, yatoe. Ongeza mafuta, mimina wali, ukandamize kwa mwiko kisha uugeuze, tena na tena, mpaka usikie punje zinaanza kurukaruka. Soya usimwagie wali moja kwa moja. Ipitishe ukingoni mwa karai, iungue kidogo kwenye chuma kabla haijafika kwenye wali. Harufu inayopanda wakati huo ndiyo harufu ya migahawa ya Mexicali. Rudisha mayai, tia majani ya kitunguu, na kama unakula kuku au nguruwe wa kuchoma, kata vipande vidogo uvitie hapo.

Nyama ikibaki, usiile vilevile. Baadhi ya migahawa ya Mexicali hufunga nyama ya ng'ombe, parachichi na kotimiri ndani ya unga mwembamba na kuukaanga. Manda za sambusa zinafaa kabisa, mbili zikipandana. Nyama iwe imepoa, parachichi liwe limeiva lakini bado gumu, funga mviringo kama kidole gumba mara mbili, ukingo uugandishe kwa uji wa unga, kaanga kwa mafuta mengi hadi rangi ya dhahabu. Nyama ya moto hulainisha manda na kuipasua, hilo ndilo la kuangalia.

Kahawa ya Wachina wa jiji kuu

Jijini Meksiko urithi huu ulichukua sura nyingine. Kwenye mtaa wa Dolores, karibu na bustani ya Alameda, kuna kitongoji kidogo cha Kichina, lakini kilichoingia zaidi moyoni mwa wakazi ni mikahawa ya Wachina iliyoenea katika karne ya 20: mahali pa bei nafuu, pa kula mkate na kunywa kahawa ya maziwa asubuhi au usiku wa manane. Mhudumu anakuja na birika mbili. Anamimina kahawa nzito kwenye glasi ndefu mpaka useme basi, halafu maziwa ya moto kutoka juu, ili yapate povu.

Nyumbani, chemsha vijiko vikubwa vinne vya kahawa ya kusaga kwa vikombe viwili vya maji, chuja mara mbili. Maziwa yachemshe hadi yanapotaka kupanda. Kahawa iwe theluthi moja ya glasi, maziwa yamiminwe kwa kuinua birika. Mwachie mgeni aseme mwenyewe wapi pa kukoma.

Mkate wake huitwa bisquet. Changanya nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 80 za sukari, vijiko vinne vya chai vya beking pauda na nusu kijiko cha chumvi. Ingiza gramu 170 za siagi baridi kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga, kisha tia mayai mawili na maziwa robo lita, ukimimina polepole, huenda usiyamalize. Usikande kama chapati. Kunja donge mara tatu nne tu, tandaza unene wa sentimita 2.5, kata kwa glasi. Juu ya kila duara gandamiza kifuniko cha chupa kuacha alama ya duara dogo, ndiyo sura yake rasmi. Pakaa kiini cha yai, oka kwa nyuzi 200 kwa dakika 20 hivi. Ukipoa, upasue katikati, upake siagi, uukaushe kwenye kikaango upande wa ndani, ule na jamu.

Ukienda mwenyewe

Ukipata safari ya kufika Mexicali, chagua kati ya Novemba na Machi. Kiangazi joto hupita nyuzi 45 na mji unakimbilia ndani. Wachina wa zamani walikimbilia chini: katika mtaa wao wa La Chinesca walichimba vyumba vya ardhini, vingine vikiunganishwa kwa njia za chini, wakaishi na kufanya biashara humo. Siku hizi baadhi yake hufunguliwa kwa wageni, wakiongozwa. Wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, kati ya 1920 na 1933, Wamarekani walimiminika upande huu kunywa na kucheza kamari, na majiko ya Kichina yaliwalisha wengi wao.

Mgahawani usiagize sahani yako peke yako. Sahani za huko hujaa za kutosha watu wawili au watatu, na zimekusudiwa kuwekwa katikati. Watu wanne waagize wali mmoja, nyama moja, samaki au kamba mmoja, mboga moja, na waombe pilipili mapema, kwa sababu zikija mwisho, wali utakuwa umeshaliwa mkavu.